Namba za Boksi na Ukweli wa Waya: Kutafuta Chanzo Kifaa cha Bei Nafuu Kikigoma, Nyumbani na Garini

Vifaa vya umeme vya bei nafuu vinavyouzwa Dodoma, kuanzia maduka ya One Way hadi meza za Majengo na Sabasaba, si vibovu vyote. Vingi vinadumu miaka kadhaa, mradi mtumiaji asivitwishe mzigo ulioandikwa kwenye boksi. Sabufa ya "wati 5000", redio ya gari ya "4×60W", pawabenki ya "mAh 50,000": namba hizo ndizo zinazoua vifaa, kwa sababu mnunuzi anaziamini na kupanga matumizi yake kwazo.

Kifaa kikigoma, tafuta chanzo kwa mpangilio huu: kwanza umeme unaoingia, pili maungio na nyaya, mwisho kifaa chenyewe. Anayeanza kwa kufungua kifaa huishia kuunguza kitu kizima. Uwe na multimita ya dijitali, bisibisi ya nyota, tochi, fyuzi za akiba na brashi laini ya rangi kwa ajili ya vumbi. Onyo moja kabla ya yote: ndani ya TV na chaja kuna kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme) inayoshika hadi volti 325 hata plagi ikiwa imechomolewa. Chomoa, subiri dakika 10, pima, ndipo uguse.

TV inajizima jioni, asubuhi inawaka vizuri

Usiipeleke kwa fundi. Pima soketi kati ya saa 1 na saa 4 usiku, watu wakiwa wanapika na kupiga pasi. Kiwango chetu ni volti 230. Ukikuta chini ya 200, huenda kifaa hakina kosa. Sasa tafuta umeme unapotelea wapi: washa birika (la wati 2000 linavuta karibu ampea 9), pima kwenye meinswichi, kisha pima kwenye soketi yenye birika. Meinswichi ikisoma 228 na soketi 210, waya wa ndani ya nyumba ni mwembamba au kuna ungio lililolegea. Meinswichi nayo ikisoma 195, tatizo liko kwenye laini, na hilo ni la kuripoti TANESCO. Kwenye mitaa inayoendelea kujengwa, ambako nyumba zinaongezeka kwenye transfoma ileile, hali hii ni ya kutarajiwa.

Dalili nyingine ni ya hatari: baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi na nyingine zinafifia kwa wakati mmoja. Hapo waya wa nyutro (unaorudisha umeme) umekatika au umelegea mahali fulani. Soketi moja inaweza kupata volti 300 na zaidi. Zima meinswichi papo hapo, usingoje kuchomoa kimoja kimoja. Hitilafu hii inaunguza TV, king'amuzi, chaja na friji ndani ya dakika.

Kuhusu stabilaiza, tuseme wazi. TV ikiwa imeandikwa nyuma "100–240V", pesa ya stabilaiza ni hasara, kwa sababu TV hiyo inajirekebisha yenyewe kwa umeme mdogo. Inachohitaji ni kinga ya kukata umeme ukizidi. Kwa friji, stabilaiza ndogo ya bei nafuu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo: kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, relei (swichi zake za ndani) zinagonga-gonga, mwishowe zinashikana. Friji inafaa zaidi kuwa na friji gadi inayokata umeme usipokuwa sawa na kusubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kurudisha. Muda huo unaipa gesi nafasi ya kutulia ili kompresa isianze ikiwa na mzigo. Ukinunua, jaribu dukani: chomeka, hesabu dakika. Ikirudisha umeme baada ya sekunde 10, irudishe kwenye boksi.

Na mvua za kwanza za Novemba na Desemba zinapokuja na radi, chomoa plagi pamoja na waya wa antena. Ekstensheni yenye maandishi ya kuzuia radi mara nyingi ina kidonge kimoja tu cha kinga ndani. Kinafanya kazi mara chache, kisha kinakufa bila taa yake kuzimika.

Ekstensheni au plagi inapata moto

Vyanzo ni viwili: waya wenyewe, au chuma cha ndani ya soketi kilicholegea. Ukikuta joto liko kwenye plagi tu, chuma kimelegea. Joto likienea urefu wote wa waya, waya ni mwembamba au si shaba. Menya ncha, ukwangue uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Weka na sumaku, ikinasa ni chuma. Kwa pasi, birika au jiko la umeme usikubali chini ya shaba ya milimita za mraba 1.5. Ekstensheni nyepesi za bei ya chini zibaki kwa chaja za simu, taa na king'amuzi. Na usitumie ekstensheni ikiwa imekunjwa kwenye roli yake, maana joto halipati pa kutokea.

Ukigusa chuma cha sabufa au TV unahisi umeme ukitambaa

Mtetemo mwepesi kwenye vifaa visivyo na waya wa ethi (unaoenda ardhini) ni uvujaji mdogo kupitia kapasita za kuchuja kelele. Unaudhi, ila kwa kawaida hauui. Mpigo mkali ni jambo jingine: chomoa na usikitumie tena hadi kikaguliwe.

Dodoma ina sababu yake ya ziada. Kuanzia Mei hadi Novemba udongo unakauka kabisa, na udongo mkavu wa kichanga haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyozamishwa futi mbili inakuwa pambo. Inatakiwa fimbo ya shaba ya mita 1.2 au zaidi, izamishwe yote, mahali panapopata unyevu kama karibu na maji ya kuogea yanapomwagika, na klipu yake isiwe na kutu. Ardhi ikiwa ya mwamba, zamisha fimbo mbili au tatu zilizoachana na uziunganishe. Kisha mwite fundi mwenye kipimo cha ethi apime wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua.

Sabufa inaunguruma

Sabufa ndiyo kifaa kinachonunuliwa sana na kuharibiwa sana, kwa hiyo tuikalie kidogo.

Punguza sauti hadi sifuri kisha usikilize. Mngurumo ukibaki vilevile, unatoka kwenye ugavi wa umeme wa ndani: kapasita kubwa za kuchuja zimechoka. Nyingi zinakuja na mikrofaradi 2200 za volti 25, ambazo zinakauka mapema kwa joto la transfoma iliyo jirani. Badilisha zote mbili kwa mikrofaradi 4700, volti 35, zilizoandikwa nyuzi joto 105. Zinakuwa nene kidogo, kwa hiyo pima nafasi kwanza. Mstari mweupe ubavuni ni upande wa hasi. Ukigeuza, kapasita inapasuka.

Mngurumo ukipanda na kushuka pamoja na sauti, chomoa waya za RCA (waya za sauti) zinazotoka kwenye TV. Ukiondoka, kosa ni waya: ganda la nje la plagi limeachia ndani. Usiporudi ukiweka waya mpya, umemaliza. Ukirudi tu kila unapochomeka king'amuzi, chomeka king'amuzi, TV na sabufa kwenye ekstensheni moja ili vyote vipate njia moja ya ethi.

Sauti inayokatika baada ya dakika 20, kisha inarudi yenyewe, ni aisii (chipu) ya amplifaya inayojikinga na joto. Fungua, futa vumbi kwa brashi, legeza skrubu ya aisii, safisha pasta ya joto iliyokauka na upake mpya kiasi cha punje ya mchele. Hakikisha karatasi nyembamba ya kuhami inarudi mahali pake. Kama sabufa iko ndani ya kabati au imeegeshwa ukutani mgongo kwa mgongo, itoe sentimita 10.

Kitufe cha sauti kikikwaruza, ni vumbi. Dodoma halikwepeki, hasa upepo wa Julai na Agosti. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti na uzungushe kitufe mara 20. Mafuta ya taa au ya cherehani yanatuliza kelele wiki moja, halafu yananasa vumbi zaidi.

Fyuzi inakatika kila ukiwasha: usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Fundi mzuri anaunga balbu ya zamani ya uzi, wati 60 au 100, kwa mfululizo na waya wa laivu (unaoleta umeme). Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, na wa kwanza kushukiwa ni daiodi nne za kugeuza umeme, wa pili ni aisii. Ikiwaka mara moja na kufifia, ugavi ni mzima.

Besi ikipotea au kukwaruza, bonyeza koni ya spika taratibu kwa vidole vya pande mbili. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliosokotwa nyuma ya koni) imeungua. Pima: spika ya omu 4 nzima inasoma kati ya 3.2 na 3.8. Koili haiungui kwa bahati mbaya, inaungua kwa sauti ya mwisho kwenye kifaa ambacho nguvu yake halisi ni ndogo. Soma kibandiko cha nyuma, si boksi: kikiandikwa "220V 50Hz 40W", sabufa hiyo haiwezi kutoa zaidi ya kile inachovuta. Kwa chumba cha kawaida wati 40 za kweli zinatosha sana. Kwa sherehe ya nje hazitoshi, na hakuna mpangilio wa besi utakaobadilisha hilo.

TV ina sauti, picha hakuna

Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ukiwa umeiinamisha pembeni. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima na zilizokufa ni taa za ndani za LED. Zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika zote zinazima. Mwambie fundi abadilishe seti nzima ya vipande. Akibadilisha taa moja, nyingine zilizochoka zinafuata baada ya miezi michache. Kazi hii inahitaji watu wawili wa kunyanyua kioo, maana utepe ulio ukingoni mwake ukivutwa TV imekwisha. TV za bei nafuu zinatoka kiwandani taa zikiwa kwenye nguvu ya juu. Ingia kwenye mipangilio siku ya kwanza, shusha mwanga wa kioo hadi asilimia 50 au 60. Hakuna hatua nyingine inayoongeza umri wa TV hizi kwa kiasi hicho.

Mistari ya wima isiyoondoka? Usitengeneze. Bei ya kioo inakaribia ya TV.

Balbu za LED

Inayopepesa na yenye doa jeusi kwenye kidonge kimoja imekufa. Inayobaki na mwanga hafifu ukiwa umezima mara nyingi inakuonesha kwamba swichi imewekwa kwenye nyutro badala ya laivu, na hilo lirekebishwe kwa usalama wako, si wa balbu.

Redio ya gari la Japani haishiki stesheni

Magari mengi yanayotembea hapa, IST, Passo, Raum, Noah, Probox, yanakuja na redio ya FM ya megahezi 76 hadi 90. Stesheni zetu ziko 87.5 hadi 108. Redio si mbovu, masafa hayakutani. Kifaa kidogo cha kuongeza bendi kinawekwa kati ya antena na redio na kupunguza namba: kinachopunguza megahezi 14 kinakufanya ukute stesheni ya 98.0 kwenye 84.0. Kasoro yake ni kwamba stesheni zilizo kati ya 101.5 na 104 zinaangukia juu ya zile za 87.5 hadi 90 na kugongana, na zilizo juu ya 104 hazifikiwi kabisa. Kwa anayesikiliza stesheni mbili tatu, kinatosha. Ukinunua, uliza kinapunguza ngapi, ulinganishe na stesheni zako. Pia kinahitaji volti 12 kutoka waya wa ACC (wa ufunguo). Kisipopewa umeme redio inakoroma tu.

Kabla ya kutoa redio asili ya Toyota yenye ramani, au hata kuchomoa betri, hakikisha kadi yake ya SD ipo. Aina nyingi zikikosa umeme zinadai kadi hiyo au msimbo, na bila hivyo skrini inabaki na maandishi ya Kijapani.

Redio mpya: inasahau saa na stesheni, au inamaliza betri

Waya za redio za kununua zina rangi zinazofuatwa na karibu wote: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni bodi (chuma cha gari), bluu ni antena na amplifaya. Spika za mbele ni nyeupe na kijivu, za nyuma ni kijani na zambarau, zenye mstari mweusi zikiwa hasi. Upande wa gari la Toyota ni tofauti: bluu yenye mstari wa njano ndiyo ya kudumu, kijivu ni ya ufunguo, kahawia ni bodi. Hakiki kwa multimita kila mara, maana gari la mtumba linaweza kuwa limeshapita kwa mafundi wengi.

Redio inayosahau kila kitu ukizima gari, njano na nyekundu zimebadilishana. Gari linalolala siku tatu na kushindwa kuwaka, zote mbili zimeungwa kwenye umeme wa kudumu. Pima: gari limezimwa, milango imefungwa, subiri dakika 20, weka multimita kwa ampea kati ya nguzo hasi na waya wake. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Nusu ampea inakula Ah 12 kwa siku, na betri ya Ah 45 haitamaliza siku nne.

Stesheni zinashika kwa shida baada ya kubadilisha redio: waya wa bluu haukuungwa. Antena nyingi za kioo zina amplifaya ndogo inayotegemea waya huo.

Mluzi unaopanda pamoja na injini unatoka kwa altaneta. Unga bodi ya redio na ya amplifaya sehemu moja ya chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha pitisha waya za RCA upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande wa pili. Besi zikitoweka wakati spika zote zinalia, spika moja imegeuzwa. Gusa spika kwa betri ya volti 1.5: chanya kwa chanya, koni inasogea nje. Na kamwe hasi za spika zisiungwe kwenye bodi ya gari, kwani aisii inaungua.

Kuhusu "4×60W", tazama fyuzi iliyo nyuma ya redio. Ikiwa ya ampea 10, redio yote haiwezi kuvuta zaidi ya wati 144 kwenye volti 14.4. Kila spika ya omu 4 inapata takribani wati 20 safi. Redio za Android za bei ya chini zina tatizo jingine: kumbukumbu inayooneshwa kwenye mipangilio imeghushiwa na programu. Ikichelewa zaidi ya nusu dakika kuwaka na kukwama ukifungua ramani, usisasishe chochote. Tumia redio ya kawaida yenye Bluetooth na USB. Inashika vizuri zaidi na inavumilia joto la gari lililoegeshwa juani.

Kamera za gari

Kamera ya nyuma yenye ukungu imeingiza maji. Isiyoonesha kitu, pima volti 12 kwenye taa ya rivasi kwanza. Picha iliyogeuka kushoto kulia mara nyingi ina kitanzi kidogo cha waya karibu na lensi, kikikatwa inageuka.

Kamera ya dashibodi inayojizima mchana wa Oktoba mara nyingi ina betri ya lithiamu iliyovimba. Chukua yenye kapasita badala ya betri, hata kama picha yake ni ya kawaida. Inayoandika "kadi ina kosa" inataka kadi ya uvumilivu mkubwa ("High Endurance"), ifomatiwe kila mwezi ndani ya kamera yenyewe. Kadi nyingi za bei nafuu zinadanganya ukubwa: zinaonesha GB 128 lakini zinahifadhi 16, na faili za baada ya hapo hazifunguki. Ijaze kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows. Kwa kadi kubwa inachukua saa kadhaa, kwa hiyo ianze jioni ya siku uliyonunua, na ikileta makosa irudishe kesho yake ukiwa na risiti ya EFD.